Kumtafuta komba wa Rondo katika msitu wa Zaraninge: tangulia na masikio

Bagamoyo hakuna asiyemjua komba. Wagema ndio wanaomjua zaidi, maana huwatangulia kwenye vibuyu vya tembo juu ya mnazi. Huyo ni komba mkubwa, anayekaribia kilo nzima. Wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo huko Lindi, ana gramu 60 hivi, na wanasayansi walimpa jina lake miaka ya 1990 tu. Anaishi Tanzania tu, katika vipande vya msitu wa pwani vilivyoachana, kuanzia Zaraninge hadi Lindi. Ukivijumlisha vyote unapata yapata kilomita za mraba 100. Mwaka 2008 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimweka miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka; tathmini ya 2020 ikamshusha daraja moja, lakini bado yumo hatarini.

Hatua ya 1: Kibali
Zaraninge imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani. Omba ruhusa ya kutembea usiku na uingie na askari wa hifadhi. Ndovu hupita humo, kwa hiyo usijidai mwenyeji.

Hatua ya 2: Tochi
Tochi ya kichwani, betri za akiba, na karatasi nyekundu ya nailoni ya kufunika taa. Mwanga mweupe unamuumiza macho na kumkimbiza; mwekundu humsumbua kidogo tu. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Manukato yaache nyumbani.

Hatua ya 3: Sikiliza kabla hujatazama
Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Komba wadogo wote ni wa kahawia, na gizani hata mzoefu anaweza kuwachanganya. Wao wenyewe hutambuana kwa sauti, na kila aina ina mlio wake. Kwa hiyo fika jua likizama, zima taa, kaa kimya. Wa Rondo hulia zaidi magharibi na alfajiri.

Komba mkubwa hutoa kilio kikali kinachofifia kadiri kinavyoendelea. Komba wa Zanzibar, ambaye naye yumo Zaraninge, hutoa mlio wa kubingirika, yaani mapigo yanayofuatana mfululizo, moja moja. Wa Rondo naye hubingirisha, ila mapigo yake huja mawili mawili. Ukishasikia ile jozi, washa kinasa sauti cha simu na uache kiendelee bila kusogea. Ukirudi nyumbani, ifungue sauti hiyo kwenye programu inayoichora, uhesabu mapigo kwa macho.

Usimchezee mlio uliorekodiwa ili aje karibu. Najua baadhi ya waongozaji hufanya hivyo kuwafurahisha wageni. Mimi sikubaliani nao: mnyama anaacha kutafuta chakula akamtafuta jirani ambaye hayupo.

Hatua ya 4: Tembea na utazame
Kilomita moja kwa saa inatosha kabisa. Nyuma ya jicho la komba kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yanawaka. Ukiona macho mawili yanaruka ghafla kutoka shina hadi shina, karibu na ardhi, simama. Wa Rondo hupenda vichaka vya chini, wakati wa Zanzibar hukaa juu zaidi. Kisha tafuta mkia: wa Rondo una manyoya yaliyosimama pande zote mithili ya brashi ya kuoshea chupa. Ukiona mkia huo na umesikia mlio wa jozi, huyo ndiye.

Ukimkuta mtoto peke yake kwenye tawi, usimguse. Kina mama wa komba huwaegesha watoto wao hivyo wanapokwenda kutafuta wadudu na matunda, kisha huwarudia.

Hatua ya 5: Andika papo hapo
Saa, mahali kwa GPS, umbali, urefu kutoka ardhini, alichokuwa akifanya, na kama ulimwona au ulimsikia tu. Usiku usio na mlio nao uandikwe, la sivyo takwimu zitadanganya. Andika pia visiki vipya, tanuri za mkaa na njia za wapasua mbao, kwa sababu komba huyu anamalizwa na mkaa na mashamba kuliko mitego.

Hatua ya 6: Kabidhi
Nakala ya rekodi na daftari ipeleke ofisi ya hifadhi kabla hujaondoka. Picha weka mtandaoni ukipenda, ila zima kwanza kitambua mahali cha simu, na usitaje shina ulilomkuta.