Mlango wa mita mbili: kulinganisha vipimo kati ya Blender na Unity

Kabla ya kuunda modeli yoyote, jua namba 1 ina maana gani kwenye injini yako, yaani programu ya kutengenezea michezo. Kwa Unity, na kwa Godot ya 3D, ni mita moja. Kwa Unreal ni sentimita moja, ndiyo maana graviti yake imeandikwa -980 wakati ya Unity ni -9.81.

Tuchukue mlango wa mita 2 kwa 0.9. Ndani ya Blender, programu ya kuundia modeli za 3D, bonyeza N usome Dimensions (vipimo). Urefu usomeke 2 m. Kama uliuvuta kwa kitufe cha S ukiwa Object Mode, Scale (kizidisho cha ukubwa) haitakuwa 1 tena. Bonyeza Ctrl+A, chagua Scale, irudi 1. Wengi huruka hatua hii, kisha, kama Scale si sawa pande zote, kitu kilichofungwa kwenye mlango kikizunguka hupinda kama mkeka.

Unapotoa faili ya FBX, aina ya faili inayobeba modeli kutoka Blender hadi Unity, weka Apply Scalings iwe FBX All. FBX huhesabu kwa sentimita, Blender kwa mita, hivyo usipobadilisha hapo mlango hufika Unity ukiwa na Scale ya 100. Kwa macho uko sawasawa. Balaa huja ukiutundikia kitasa: kitasa hurithi ile 100 na kujaa chumba kizima. Ukishaburuta modeli kwenye sini (scene) ya Unity, weka kando yake kyubu ya kawaida ya Unity, ambayo ni mita 1 kila upande. Mlango uwe kimo cha kyubu mbili.

Usijaribu kuponya modeli kubwa kwa kusogeza kamera mbali. Fizikia haidanganyiki: kitu kikianguka mita 1.25 hutumia nusu sekunde, lakini dunia yako ikiwa kubwa mara kumi, anguko lile lile ni mita 12.5 na huchukua sekunde 1.6. Wahusika wataonekana wanaelea majini. Kuongeza graviti mara kumi huficha tatizo hilo, ila kasi, nguvu na umbali wa sauti vyote utavipanga upya kwa mkono.

Ramani kubwa nayo ina kikomo. Namba za desimali za biti 32, zinazoandika mahali pa vitu, hupungukiwa usahihi kadiri unavyotoka kwenye sifuri: ukifika mita 16,384, hatua ndogo kabisa ni kama milimita 2, ukifika mita 100,000, karibu milimita 8, na silaha mkononi huanza kutetemeka. Unreal 5 hutumia biti 64 kwa mahali pa vitu. Kwenye Unity, mchezaji akivuka mita elfu chache, mrudishe sifuri pamoja na dunia yote inayomzunguka.