Kumdai Fidia Afisa wa Gereza Aliyevunja Haki ya Dini ya Mfungwa Nchini Marekani

Mfungwa aliyenyimwa futari, aliyenyolewa kwa nguvu au aliyezuiwa kuswali anaweza kumshtaki afisa aliyehusika yeye mwenyewe, ila kesi nyingi za namna hii hutupwa kabla jaji hajaligusa suala la dini. Sababu kubwa ni sheria ya mwaka 1996 kuhusu kesi za wafungwa (PLRA), inayomtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza, kwa muda uliopangwa, pamoja na rufaa ya mwisho.

Kwa hiyo malalamiko hayo yana uzito kuliko hata hati ya madai. Yaandike mapema, ubaki na nakala, na utaje nani alifanya nini. "Chakula hakikufaa" hakitoshi. Andika kwamba sajenti wa zamu ya jioni alikunyima futari ilhali jina lako lilikuwa kwenye orodha ya wanaofunga.

Kwa gereza la jimbo, fidia hudaiwa kupitia Kifungu cha 1983, sheria ya shirikisho inayoruhusu kumshtaki afisa wa jimbo aliyevunja haki, ambacho chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1871. Hati iseme waziwazi kwamba unamshtaki afisa binafsi, kwa sababu akishtakiwa kwa wadhifa wake, kinga ya jimbo huzuia fidia ya fedha. Mkuu wa gereza naye hawajibiki kwa ukuu wake tu, onyesha alichotenda. RLUIPA, sheria ya mwaka 2000 inayolinda dini ya wafungwa, hulibana gereza zaidi, na ndiyo iliyompa Mwislamu mmoja wa Arkansas haki ya kufuga ndevu za nusu inchi mwaka 2015, lakini kwa kawaida hutumika kuomba amri ya mahakama, si fedha. Kabla ya kuitegemea kwa fidia, soma uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Landor, Mrasta aliyenyolewa rasta zake Louisiana, iliyosikilizwa Novemba 2025. Kwa maafisa wa serikali ya shirikisho, RFRA, sheria ya shirikisho ya kulinda uhuru wa dini, inaruhusu kumdai fidia afisa binafsi tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2020.

Afisa atajitetea kwamba haki hiyo haikuwa imewekwa wazi na mahakama wakati huo, basi tafuta uamuzi wa mahakama ya rufaa ya eneo lako wenye mazingira yanayofanana. Bila jeraha la mwili, PLRA huzuia fidia ya maumivu ya moyo. Omba pia fidia ya dola 1 ya kutambua haki na fidia ya kumwadhibu afisa, ambazo mahakama nyingi huziruhusu. Muda wa kufungua kesi hutofautiana: Texas ni miaka 2, New York ni 3. Asiye na uwezo hulipa ada ya dola 350 kidogo kidogo kutoka akaunti yake ya gerezani, hata akishindwa.