Picha ya simu imelala ubavu mtandaoni? Izungushe yenyewe

Kazi ya kupandisha picha kwenye tovuti ya kwaya yetu ni yangu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mbona kwenye simu yangu imesimama, huko imelala?"

Kihisi cha kamera kimefungwa ndani ya simu, hakizunguki. Ukiishika simu wima, chenyewe bado kinaandika pikseli (nukta ndogo za rangi zinazounda picha) kwa mlalo. Simu inahisi chini ni upande gani, kisha inatia ndani ya faili, kwenye taarifa ziitwazo EXIF, namba moja kati ya 1 na 8. 1 maana yake onyesha kama ilivyo. 3, pindua juu chini. 6, zungusha nyuzi 90 kufuata mshale wa saa, na 8 ni kinyume chake. Nne zilizobaki ni za picha zilizogeuzwa kama kwenye kioo, na ni nadra kuziona. Kwa hiyo picha yako ya wima ni sawa na boksi lililolazwa ubavu lakini limeandikwa "upande huu juu". Asiyesoma maandishi ataliacha limelala.

Zamani wasiosoma walikuwa vivinjari. Chrome ilianza kuifuata namba hiyo yenyewe kwenye kurasa mwaka 2020, toleo la 81. Siku hizi mimi huishuku seva kwanza, yaani kompyuta inayoendesha tovuti: inapokea picha, inaipunguza, inatengeneza kijipicha (nakala ndogo ya kuonyeshea), na njiani inafuta EXIF. Namba imekwenda, pikseli zimebaki zimelala. Ndiyo sababu wakati mwingine picha kubwa inasimama vizuri huku kijipicha chake kimelala. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, huzungusha yenyewe wakati wa kupakia tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, lakini picha zilizopandishwa kabla ya hapo haizigusi.

Dawa ni kuzungusha pikseli zenyewe kabla ya kupakia. Kwenye simu, fungua picha, ingia kwenye kuhariri, kata kingo kidogo tu, halafu hifadhi kama nakala mpya. Nasema kata, sisemi zungusha, kwa sababu zipo programu ambazo ukibonyeza kuzungusha zinabadilisha ile namba tu na kuziacha pikseli zilivyo. Ukikata, nyingi hulazimika kuiandika picha upya. Wengine hupiga picha ya skrini na kutuma hiyo. Inasimama, kweli, ila inapungua hadi ukubwa wa skrini, na mimi siipendi.

Mwenye kompyuta na picha nyingi atumie ImageMagick, programu ya kushughulikia picha kwa amri za kuandika:

magick picha.jpg -auto-orient picha-sawa.jpg

Amri hii inaisoma namba, inazungusha pikseli, kisha inairudisha namba kuwa 1. Kwa folda nzima ni mogrify -auto-orient *.jpg, lakini hiyo inaandika juu ya faili zako za asili, basi weka nakala pembeni kwanza. Na kama unafuta EXIF ili watu wasijue picha ilipigwa wapi (tabia nzuri, hasa picha za watoto), zungusha kwanza, ufute baadaye. Ukianza na kufuta, hakuna tena cha kuiambia programu juu ni wapi.

Kuna ugonjwa wa pili unaochanganya watu: mtu amezungusha pikseli kwa programu ya zamani, nayo ikaiacha 6 pale pale. Sasa picha inazungushwa mara mbili, na kila akijaribu kuirekebisha inageukia kwingine. Hapo tatizo ni namba peke yake, nayo hurekebishwa kwa exiftool, programu ya kusoma na kubadilisha EXIF:

exiftool -Orientation=1 -n picha.jpg

Ukitaka kukagua tu, andika exiftool -Orientation -n picha.jpg. Ikijibu 1, au isijibu kitu, hakuna maagizo ya kuzungusha yaliyobaki. Kama kwenye skrini imesimama, pakia.

Karatasi za nota ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa zinapigwa zikiwa mezani. Simu ikitazama chini moja kwa moja haiwezi kujua juu ya karatasi ni upande upi, hivyo inashikilia mwelekeo iliokuwa nao mwisho. Ishike kwanza wima mbele yako, hakikisha alama za kamera kwenye skrini zimesimama, ndipo uishushe polepole juu ya karatasi na kupiga.