Kisanduku cha 13: Kudai nishani na kusahihisha DD 214 ukiwa huku nyumbani

Kabla hujaandika barua yoyote, toa DD 214 yako, ile hati unayopewa ukitoka jeshi la Marekani, kwenye bahasha usome visanduku viwili: cha 13 na cha 18. Cha 13 huorodhesha nishani, beji na tepe zako. Cha 18 ni cha maelezo ya ziada, na humo ndimo huandikwa ulitumwa nchi gani, tangu lini hadi lini. Ikiwa cha 18 kinasema ulikaa Afghanistan miezi tisa, na cha 13 hakitaji Medali ya Kampeni ya Afghanistan, basi shida yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Huhitaji wakili. Unahitaji subira na mashine ya kuskani.

Nayasema haya nikiwa nimekaa upande wa pili wa dawati. Mimi ni mzaliwa wa Mbale, Vihiga. Nilikwenda Marekani kusoma nikaishia kuvaa magwanda ya jeshi lao la nchi kavu, kitengo cha makarani wa utumishi. Kazi yetu ilikuwa karatasi: nani amepanda cheo, nani anatoka, nani anadai likizo. Siku hizi naishi Migosi, Kisumu, na Jumamosi baraza yangu huwa na wageni kutoka Bungoma, Siaya, Kakamega, mpaka Nakuru, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Wananiita Sajini, hata wale walionizidi cheo. Wengi wao waliingia kupitia mpango wa MAVNI, ule ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 ukiwachukua wasio raia waliojua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo.

Acha nikueleze makosa hutokea vipi, maana ukijua yalivyoingia utajua yatatokaje. DD 214 huandaliwa siku zako za mwisho jeshini. Karani anachapa kile anachokiona kwenye faili lako. Kisichokuwa humo, kwake hakikutokea. Amri ya nishani ikiwa bado iko kwa kikosi chako cha zamani, au ilitoka ukiwa umeshaondoka, haitaingia. Kisha unaletewa nakala uikague. Na askari anayetoka, jamani, ana tiketi ya ndege mfukoni na akili yake iko kwa mama. Anaangalia jina na tarehe, anatia sahihi, anaenda. Miaka sita baadaye mtoto anamuuliza, "Baba, hii ulipewa kwa nini?" ndipo anagundua ile nyingine haipo.

Sasa, jambo linalowachanganya wengi ni hili. Nishani si za aina moja, na kila aina ina mlango wake. Kuna zile za kuhudumu tu: ulikuwa mahali fulani, kipindi fulani, ukatimiza masharti, basi ni yako. Hakuna mtu anayehitaji kukupendekeza. Medali ya Kampeni ya Afghanistan ni ya namna hiyo: huduma ya kati ya 24 Oktoba 2001 na 31 Agosti 2021, siku 30 mfululizo au 60 zisizofuatana. Ile ya Iraq ina masharti ya siku hayo hayo, kuanzia 19 Machi 2003 hadi 31 Desemba 2011. Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa ilitolewa kwa waliokuwa kazini tangu 11 Septemba 2001 hadi mwisho wa 2022, kwa hiyo karibu kila anayekuja kwangu anaistahili. Tena usisahau vile vinyota vidogo vya shaba vinavyobandikwa kwenye utepe wa kampeni, kimoja kwa kila awamu uliyoshiriki. Watu hufurahia medali wakasahau nyota.

Medali ya Mwenendo Mwema iko katikati. Ni ya askari wa kawaida aliyetumikia miaka mitatu mfululizo bila doa, lakini mkuu wa kikosi lazima aidhinishe. Kwa hiyo ukiikosa, swali la kwanza si "nani amenionea?" Tazama kwanza kama kuna karatasi kwenye faili inayokuzuia. Mara nyingi haipo, na kukosekana kwake kunakusaidia.

Halafu kuna za kupendekezwa: Nyota ya Shaba, medali za pongezi, za ushujaa. Hizi hazitoki kwa kuhesabu siku. Lazima mtu aliyeona ulichofanya awe ameandika, na wakubwa wakakubali. Ukiomba ya kupendekezwa kwa njia ya zile za kuhudumu, ombi lako litarudi, nawe utadhani umenyimwa haki kumbe umebisha mlango usio wako. Nitazirudia baadaye.

Hatua ya kwanza yenyewe ni kupata faili lote, si DD 214 pekee. Jaza fomu SF 180 uitume Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, St. Louis, Missouri, au uombe kwa mtandao kupitia tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Omba faili kamili la utumishi, na uombe nakala ya DD 214 isiyofutwa kitu, yaani ile inayoonyesha tabia ya kuachishwa (kwa heshima au la) na sababu yake. Sahihi yako lazima iwepo. Bila sahihi hawatoi. Na dalali akikuambia faili lako liliungua, mkatae. Ni kweli kituo hicho kiliungua tarehe 12 Julai 1973 na mamilioni ya mafaili yakapotea, lakini ya jeshi la nchi kavu yaliyoteketea ni ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Wewe uliyeingia 2010 huko humo.

Faili likifika, kaa nalo. Usiliskani mbiombio pale saiba. Tafuta amri za kutumwa nje, karatasi za tathmini ya utendaji, vyeti vya kikosi, na hasa hati za mshahara za miezi uliyokuwa vitani. Hati za mshahara watu huzidharau, nami nazipenda kuliko picha. Pale pana mstari wa posho ya hatari, dola 225 kwa mwezi mzima, na msamaha wa kodi wa eneo la vita. Mhasibu hakulipi posho ya Afghanistan ukiwa umelala Texas. Picha yako ukiwa umevaa helmeti, kwa upande mwingine, inaonyesha tu kwamba una helmeti.

Kama karatasi hazitoshi, tafuta wenzako waandike maelezo. Hapa ndipo panahitaji ukali. Barua ya "namjua huyu ni askari shupavu, mcha Mungu" haisaidii, hata akiandika kanali. Shahidi aseme yeye ni nani, alikuwa cheo gani, kampuni gani, alisimama wapi siku hiyo, aliona nini kwa macho yake. Juzi niliketi na jamaa mmoja wa Webuye aliyekuwa dereva wa lori la mizigo, anataka Beji ya Mapambano. Beji hiyo ilianzishwa 2005 na huduma inahesabiwa tangu 18 Septemba 2001. Ni ya askari wasio wa vikosi vya miguu walioshambuliwa na adui wakiwa kazini. Si lazima uwe ulirusha risasi, ila lazima uwe ulikuwepo mwenyewe na hatari ilikufikia. Rafiki yake alikuwa ameandika kwamba msafara "ulipitia mambo magumu." Tukampigia simu palepale barazani. Lori la ngapi katika msafara? La tatu. Bomu lililipuka wapi? Kati ya la pili na la tatu. Saa ngapi? Mara hadithi ikawa ushahidi.

Na maelezo hayo hayahitaji kiapo cha ubalozini. Watu wanapanda basi la usiku kwenda Nairobi bure. Sheria ya Marekani, kifungu 1746 cha mkusanyiko wa 28, inakubali tamko lililoandikwa bila kiapo mradi mwandishi atangaze kuwa ni kweli, akijua adhabu ya kusema uongo, aweke tarehe na sahihi. Ukitia sahihi ukiwa nje ya Marekani, lazima tamko litaje kwamba ni chini ya sheria za Marekani. Aliye kule ndani anaweza kuliacha neno hilo. Wewe wa Kisumu usiliache.

Sasa mlango. Wengi hukimbilia bodi ya kusahihisha kumbukumbu moja kwa moja kwa sababu jina lake ni kubwa. Subiri. Bodi yenyewe inataka uwe umemaliza njia za kawaida kwanza. Kwa jeshi la nchi kavu, njia ya kawaida ni Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Kosa lililo wazi, lenye karatasi, linaweza kurekebishwa huko bila kesi, nao hutoa DD 215, ambayo ni hati ya marekebisho ya DD 214. Ukipiga simu, kumbuka wao wako nyuma yetu saa saba au nane kutegemea msimu, kwa hiyo ofisi zao zinafunguliwa huku kwetu jioni ikianza. Waliokuwa wanamaji, marine au wa anga wana ofisi zao. Mimi nasema ninalolijua.

Fort Knox wakikataa au wakisema hawana mamlaka, hapo ndipo fomu DD 149 inaingia, kwenda Bodi ya Jeshi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi. Ni bure. Anayekutumia namba ya M-Pesa ili "akusukumie faili" anakuibia. Ambatisha lile jibu la kukataliwa.

Elewa bodi inavyofikiri: inaanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu ziko sawa na jeshi lilifanya kazi yake vizuri. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Haihitaji uthibitisho usio na shaka hata chembe. Inatosha ushahidi wako uzidi ule wa upande wa pili. Kwa hiyo andika kama karani, usiandike kama mtu aliyeumizwa, hata kama uliumia. Fomu utaijaza kwa Kiingereza, lakini umbo la ombi liwe hivi: "Naomba kisanduku cha 13 kiongezwe Medali ya Kampeni ya Afghanistan yenye nyota moja. Nilihudumu huko tangu tarehe fulani hadi fulani, kama kinavyoonyesha kisanduku cha 18 (kiambatisho A), amri ya kutumwa (B) na hati za mshahara (C)." Kosa moja, aya moja, ushahidi wake. Nimeona mtu akiweka nishani, cheo alichocheleweshewa, ugomvi na sajini wake na maumivu ya goti kwenye aya moja. Msomaji wa kule atajibu lile rahisi kukataa.

Sheria inakupa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ikipita, bodi inaweza kuisamehe kwa maslahi ya haki, na fomu ina nafasi ya kueleza kwa nini. Ijaze kwa ukweli: uligundua lini na nini kilikuchelewesha. Fomu pia inauliza kama unataka kusikilizwa ana kwa ana. Huna haki ya hilo, hukubaliwa kwa nadra, na nauli ni yako. Kesi nyingi huamuliwa kwa karatasi. Muda? Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaishe ndani ya miezi 10, na lolote lisipite miezi 18. Wakikukatalia, unaweza kuomba wafikirie upya wakati wowote, mradi ulete kitu ambacho hawakukiona mara ya kwanza. Kurudisha karatasi zilezile kwa herufi kubwa hakuhesabiki.

Mambo mawili ya pembeni. Dada zangu mlioolewa baada ya kutoka: bodi huwa haibadilishi jina kwenye DD 214 kwa sababu ya ndoa ya baadaye, kwani hati inaonyesha hali ya wakati ule. Wekeni cheti cha ndoa pamoja nayo. Lakini kama majina yako matatu yalipangwa ovyo tangu siku ya kuandikishwa, tofauti na pasipoti, hilo ni kosa na unaweza kuliombea. La pili: kama shida yako ni tabia ya kuachishwa, mlango ni fomu DD 293 na bodi nyingine, na una miaka 15 tangu utoke.

Tukirudi kwa zile za kupendekezwa: muda wake wa kawaida ukishapita, kifungu 1130 cha mkusanyiko wa 10 kinaruhusu pendekezo kupitia mbunge wa Bunge la Marekani. Raia anayeishi Kisumu humtumia mbunge wa mahali alipokaa mwisho kule. Utahitaji fomu ya pendekezo, DA 638, simulizi ya tendo lenyewe, maelezo ya mashahidi, na ikiwezekana sahihi ya aliyekuwa mkuu wako wakati ule. Mtafute mkuu kwanza. Bila yeye inawezekana, ila ni kupanda vilima vya Maragoli kwa baiskeli isiyo na gia.

DD 215 ikija, usiitupe DD 214 wala usiikate. Hizo mbili hukaa pamoja daima, na kila utakapoombwa moja utatoa zote. Medali zenyewe kwa kawaida hutolewa bila malipo, lakini karatasi ya marekebisho haiji nazo. Ziombe kwa barua tofauti, na kama una ndugu Marekani mwenye anwani ya kudumu, andika yake.