Kujifunza Sataranji Baada ya Kustaafu: Anza na Kete Tatu

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza sataranji wakiwa wamevuka miaka hamsini au sitini huwa tayari wamejaribu kukariri namna za kufungua mchezo, wakachoka na kuona kwamba umri umewapita. Mimi huwaanzisha kutoka mwisho wa mchezo, ubao ukiwa na kete chache, kwa sababu mtu mzima hushika zaidi jambo alilolielewa kuliko alilolikariri.

Hatua ya kwanza ni vifaa. Tafuta ubao wenye miraba ya sentimita 5 hadi 6 kila upande na mfalme wa kimo cha karibu sentimita 9.5, yaani vipimo vya mashindano, kwani kete za namna hiyo huonekana bila kuinama na hushikika hata kwa vidole vyenye baridi yabisi. Uweke ubao hivi kwamba mraba wa kona iliyo karibu nawe, upande wa mkono wako wa kulia, uwe mweupe. Simu iache kwanza.

Hatua ya pili inawahusu waliozoea drafti, nao ni wengi. Katika drafti kula ni lazima. Katika sataranji ni hiari, na mara nyingi kete inayoachwa wazi ni chambo. Askari naye husonga mbele moja kwa moja lakini hula kwa mshazari, jambo linalowatatiza wageni kuliko hata mruko wa farasi, yaani miraba miwili moja kwa moja kisha mmoja kando.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoikazania zaidi: mfalme na malkia weupe dhidi ya mfalme mweusi peke yake. Weka malkia umbali wa mruko mmoja wa farasi kutoka kwa mfalme mweusi, kisha kila anaposogea, msogeze malkia kwa mwendo uleule hadi adui abanwe pembeni. Tuseme sasa mfalme mweusi yuko g8 na malkia wako yuko e7 (herufi a hadi h ni safu za wima kuanzia kushoto kwa mchezaji wa kete nyeupe, na namba 1 hadi 8 ni safu za mlalo kuanzia upande wake). Akiingia h8, usimwige tena kwa kwenda f7, kwa maana atakosa mraba wa kukanyaga ilhali hajatishiwa, na mchezo utakuwa sare papo hapo. Mwache malkia palepale e7, adui abaki akizunguka kati ya g8 na h8, huku mfalme wako akitembea taratibu hadi g6. Hapo malkia anaenda g7 akilindwa na mfalme wake, na mchezo umekwisha. Rudia zoezi hili ukianzia sehemu mbalimbali za ubao mpaka mkono uende wenyewe.

Baada ya hapo ongeza askari mmoja badala ya malkia, ujifunze kwamba wafalme wawili wanapokabiliana wakitenganishwa na mraba mmoja, asiye na zamu ndiye mwenye nguvu.

Ndipo uingie mchezo kamili. Kwa ufunguzi inatosha kusukuma askari wa katikati, kutoa farasi na maaskofu, na kumficha mfalme kwa kumsogeza miraba miwili kuelekea ngome. Cheza bila saa, au kila mmoja awe na angalau dakika 30, na kabla ya kugusa kete jiulize mpinzani anatishia nini.

Sasa unaweza kufungua simu: Lichess, tovuti na programu ya sataranji, haitozi chochote na ina mafumbo mengi ya kufanyia mazoezi. Ukipenda ushindani, fahamu kwamba shirikisho la dunia, FIDE, lina mashindano ya wazee kwa makundi ya miaka 50 na 65. Gwiji wa sataranji Viktor Korchnoi alitwaa ubingwa wa Uswisi mwaka 2011 akiwa na miaka 80, ingawa yeye alicheza tangu utotoni na si wa kujipimia naye. Kwa kila siku, mpinzani mwema ni jirani anayekuzidi kidogo, aliye tayari kuurudia mchezo pamoja nawe kabla kete hazijarudishwa kwenye boksi.