Somo: Pumzi Inapokata na Hofu Inapopanda, Anza kwa Kutoa Hewa

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Mabatini, hapa Mwanza, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe na kila anayerudi kwake lazima apande. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, nilivuta sigara kwa miaka 22, na niliugua kifua kikuu nikapona, ila mapafu yangu yalibaki na makovu. Siku moja, nikiwa katikati ya ngazi na dumu la maji la lita 10 mkononi, pumzi ilinikata. Majirani walinizunguka kwa upendo, mmoja akinimwagia maji kichwani, wengine wakipiga kelele, "Vuta pumzi, mwalimu, vuta pumzi!" Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kuzama. Ilichukua muda mrefu, na uvumilivu wa tabibu mmoja, kuelewa kwamba ushauri ule wa majirani ulikuwa kinyume cha nilichohitaji.

Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kama mimi, mirija ya mapafuni imekuwa myembamba, na hewa hupata shida zaidi kutoka kuliko kuingia. Mtu akihema haraka hapati muda wa kutoa hewa ya zamani, kwa hiyo inabaki ndani, kifua kinajaa na kutuna, na ile mpya haina pa kukaa. Wanaovuka kwa kivuko cha Kamanga watanielewa vizuri: magari yaliyomo yasiposhuka kwanza, yanayosubiri gatini hayawezi kupanda, hata madereva wapige honi namna gani. Hofu huja hapo. Ubongo unapoona hewa haiingii unapiga kengele ya hatari, moyo unakwenda mbio, unahema haraka zaidi, na kifua kinazidi kujaa. Kwa hiyo hofu hii si woga wa mtu dhaifu, bali ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mlango wa kutokea ni pumzi inayotoka.

Hatua ya kwanza ni kusimama hapo hapo ulipo na kuegemea. Usijaribu kumalizia ngazi zilizobaki ili ukapumzike nyumbani. Kama pana kiti au jiwe la kukalia, kaa, inama mbele kidogo, weka viwiko juu ya magoti na uache mabega yashuke. Kama hapana pa kukaa, egemea ukuta au jiwe kubwa, ambalo Mwanza halikosekani, ukiwa umeinama mbele na mikono imepata pa kutegemea. Mikono ikishategemezwa, misuli ya shingo na mabega inakuwa huru kusaidia kifua. Kulala chali wakati huo huongeza taabu, na wanaokulazimisha ulale wakatazwe kwa upole.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo hili, nami naomba muisome mara mbili. Kunja midomo kama mtu anayepoza uji wa moto kwenye kijiko, kisha achia hewa itoke polepole. Usiisukume kwa nguvu, kwa sababu kusukuma huibana mirija ambayo tayari ni myembamba. Hewa ikishatoka, funga mdomo, vuta kidogo kwa pua huku ukihesabu moja, mbili, halafu toa tena kwa midomo iliyokunjwa ukihesabu moja hadi nne. Kama nne ni mbali, anza na tatu; jambo la lazima ni kwamba kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mara tatu au nne za mwanzo utahisi kana kwamba unajinyima hewa, na hapo ndipo wengi huacha. Usiache. Mimi huanza kuona tofauti baada ya dakika mbili tatu, wakati mwingine zaidi.

Hatua ya tatu ni upepo usoni. Hewa baridi inayogusa mashavu, pua na midomo hutuma ujumbe kwenye ubongo na kupunguza hisia ya kukosa pumzi, hata kama kiasi cha hewa mapafuni hakijabadilika. Feni ndogo ya mkononi inafaa, na kile kipepeo cha ukili tunachopepelea jiko kinafaa vilevile, mradi kisiwe na majivu na mtu asiwe karibu na mkaa unaowaka. Nyumbani kwangu kiti changu kimewekwa dirishani upande wa ziwa, kwa sababu mchana upepo hutoka majini.

Hatua ya nne ni dawa yako ya haraka, kama umeandikiwa. Tikisa inhela, yaani kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, toa hewa, bonyeza mara moja tu huku ukivuta polepole, zuia pumzi kadiri unavyoweza hadi sekunde 10, kisha subiri kama nusu dakika kabla ya kurudia kwa idadi uliyoelekezwa. Anayeshindwa kuoanisha kubonyeza na kuvuta amwombe mhudumu chombo cha kupitishia dawa, au amwombe amfundishe kukitengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Jueni pia kwamba dawa hii inaweza kutetemesha mikono na kuharakisha moyo kwa muda, na wengi hudhani kwamba hofu imerudi.

Walio karibu na mgonjwa wana kazi yao. Mtu mmoja tu akae mbele yake, kwa kimo kile kile, asimuulize maswali, kwa maana kila neno la kujibu linagharimu pumzi, atoe hewa pamoja naye taratibu, na kumwambia maneno machache kama, "Toa. Polepole. Nipo." Mke wangu hufanya hivyo, na sauti yake imenisaidia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Haya yote hayachukui nafasi ya hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi fupi, ambaye midomo au ulimi umekuwa wa buluu au kijivu, anayechanganyikiwa au kusinzia ovyo, mwenye maumivu ya kifua, anayekohoa damu, au ambaye mguu mmoja umevimba ghafla, apelekwe mara moja, iwe Sekou Toure, Bugando au kituo kilicho karibu. Vivyo hivyo kwa ambaye ametumia dawa kama alivyoelekezwa na robo saa imepita bila nafuu. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, maana ndani yake mtu anaweza kukaa akiinama mbele na ndugu akamshika. Wekeni namba ya dereva na nauli mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani.

Mazoezi yafanyike siku za utulivu, asubuhi na jioni, dakika tano tano, kwa sababu mwili ulioshikwa na hofu haujifunzi jambo jipya.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi nabanika samaki Igombe, na pumzi hunibana kila siku jikoni. Je, mazoezi haya yatanitosha?

Marahaba, mama. Hayatatosha, na nisingekuwa mkweli nikikuambia vinginevyo. Moshi unaendelea kuumiza mapafu hata ya aliyejua kupumua vizuri. Najua kazi hiyo ndiyo inayosomesha watoto, kwa hiyo sikuambii uiache kesho. Hamisha tanuri nje ya chumba, tumia kuni kavu kabisa, kaa upande upepo unakotoka, na kugeuza samaki mwachie mwenye mapafu mazima, lakini asiwe mjamzito wala mwenye mtoto mgongoni. Kama unaweza kuhamia kwenye dagaa wa kuanika juani juu ya vichanja, moshi utakuwa umeuondoa wote.

Mwalimu, naambiwa inhela inazoesha, na kwamba anayepewa amefika hatua ya mwisho. Ni kweli?

Si kweli, na uvumi huu unatuumiza sana. Inhela hupeleka dawa moja kwa moja kwenye mirija, ndiyo maana kipimo chake ni kidogo kuliko cha kidonge. Ukiona unahitaji ile ya haraka mara nyingi kuliko zamani, maana yake ugonjwa haujadhibitiwa, hivyo rudi kliniki. Aliyepewa ile ya kila siku yenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe wa mirija, asiache kwa sababu anajisikia vizuri, na asukutue mdomo kwa maji kila baada ya kuitumia ili asipate fangasi.

Nilishauriwa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi, na mwingine akanipa vidonge vya usingizi. Nifanye lipi?

Usifanye lolote kati ya hayo. Mfuko unapunguza oksijeni kwa mtu ambaye tayari hana ya kutosha. Vidonge vya usingizi vinaweza kudhoofisha upumuaji; mimi niliwahi kupewa katika kituo kimoja nikiambiwa nina wasiwasi tu, na usiku ule nilikuwa hatarini bila kujua. Usimeze bila daktari anayejua mapafu yako.

Mama yangu hushtuka usiku akitweta na kupiga kelele, na ndugu wanasema ni mapepo. Tunaombea lakini hali inajirudia.

Endeleeni kumwombea, na mumpeleke pia akapimwe mapafu na moyo, kwa kuwa moyo usiosukuma damu vizuri nao humwamsha mtu akikosa pumzi. Mlaze akiwa ameinuliwa kwa mito miwili au mitatu, weka inhela, kipepeo na taa mahali mkono wake unapofika gizani, na anayelala naye ajue maneno yale matatu. Akiamka, mketisheni ukingoni mwa kitanda, miguu chini, viwiko magotini, na muanze naye kutoa hewa. Andika pia saa anayoshtuka na inachukua dakika ngapi kutulia, ukampe daktari karatasi hiyo.