Kesi za Arusha: Tazama Herufi ya Mwisho

Nina steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kwa kuwa nilisoma sheria, wanafunzi wakija kuprinti hawaondoki bila swali: "Dada, utafiti wangu ni mahakama za kimataifa. Nianzie wapi?"

Anza na kesi moja. Ukitafuta "mahakama ya Arusha" utaletewa pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ile ya Afrika Mashariki, nazo hazimfungi mtu kwa mauaji ya kimbari. Unayoitaka ni ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 (kwa kifupi ICTR), iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 ikafungwa Desemba 2015. ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, nayo iache kwa sasa: inashika makosa ya kuanzia Julai 1, 2002, kwa hiyo ya Rwanda huyakuti huko.

Mimi humpa kila mtu kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Alikamatwa Zambia mwaka 1995, ng'ambo tu ya Tunduma yetu. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na shtaka la ubakaji. Shahidi mmoja, mama, alipoeleza kizimbani yaliyompata binti yake, ndipo mashtaka yakaja kuongezwa Juni 1997. Basi pakua hati zote mbili, ile ya mwanzo na iliyorekebishwa, uzisome sambamba, utie mstari palipoongezwa. Hukumu ya Septemba 2, 1998 ifungue baada ya hapo, utaona majaji walivyofika kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari. Ni ndefu kwelikweli. Ipakue kwa bando la usiku.

Halafu tazama namba ya kesi: ICTR-96-4-T. Hiyo T ni hukumu ya kwanza. Rufaa huishia na A. Mimi iliniumbua. Niliandika kwamba Ferdinand Nahimana, wa kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji hayo, alifungwa maisha. Mwalimu akazungushia kalamu nyekundu: rufaa ya Novemba 2007 ilikuwa imeshusha adhabu hadi miaka 30. Nilikuwa nimesoma T, nikalala.

Na ukinukuu, taja namba ya aya, usitaje ukurasa. Wengi mnaniomba niwaprintie kurasa mbili kwa karatasi moja ili kubana hela, halafu mnakuja kunilaumu kwamba kurasa hazilingani.